Bi Jaribu, fundi asiyekubali kutumia ufunguo wake

Saa tisa alasiri ya Ijumaa, ndani ya masjala ya mahakama, wanawake wawili wanaitumbulia macho kompyuta moja. Aliyekalia kiti ni karani mgeni, aliyeripoti kazini leo asubuhi kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Aliyesimama nyuma yake, mikono kaifunga kifuani kama mtu anayejizuia asiguse sufuria ya moto, ni fundi wa mtandao.

Watumishi wote hapa wanamwita Bi Jaribu. Jina lake halisi labda mhasibu peke yake ndiye anayelikumbuka.

"Bonyeza wewe," anasema fundi.

Karani anabonyeza. Kioo kinamjibu bila haya: Huna ruhusa ya kufungua folda hii.

"Imekataa tena, dada."

"Nimeona. Usiogope, bado tunajaribu."

Kuogopa kupo, tena kwingi. Ndani ya folda hiyo kuna amri moja ya kumwachilia kijana, fundi wa baiskeli, aliyekaa mahabusu tangu mvua za kwanza kwa tuhuma za kununua baiskeli ya wizi. Leo mchana hakimu ameifuta kesi: shahidi wa mwisho aliitazama baiskeli ile mbele ya mahakama akasema siyo yake. Kijana hana hatia, kila mtu amesikia. Lakini lango la mahabusu halisikii, linasoma karatasi. Na karatasi hiyo lango linaipokea mwisho saa kumi na moja jioni. Ikichelewa hata kwa dakika, kijana analala ndani mpaka Jumanne, maana Jumatatu ni sikukuu.

Mama yake amekaa ukumbini, kwenye benchi la mbao, mkoba wa plastiki mapajani. Ameshaulizia mara kadhaa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuulizia.

"Anakohoa," alimwambia mwandishi wa makala haya. "Kila nikienda kumwona amepungua. Siku nne kwenu ni siku nne tu. Kwangu mimi, mwanangu, hata usiku mmoja siutaki."

Hapo msomaji atauliza swali ambalo kila anayepita mlangoni anamuuliza Bi Jaribu. Yeye si ndiye mwenye funguo zote? Akaunti yake inafungua kila folda kwenye hifadhi ya mafaili ya mahakama, na kila printa ya jengo hili inamtii. Kwa nini asikae mwenyewe, akafungua, akachapa, mambo yakaisha?

Msajili wa mahakama ameuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Ni mwanamume mnene mwenye miwani ya kamba, na leo shati lake limelowa mgongoni. Ameingia bila kubisha.

"Bi Jaribu, mpaka saa hizi? Toa wewe hiyo karatasi! Hakimu ana safari, yuko na kalamu mkononi ananisubiri mimi, mimi nakusubiri wewe, na wewe unamsubiri huyu mtoto wa watu aliyeanza kazi leo!"

"Bosi, nikiitoa mimi, chini yake litaandikwa jina langu."

"Liandikwe! Una jina baya?"

"Lango litaikataa. Unajua."

Msajili anajua. Kila karatasi inayochapwa kutoka hifadhi ya mahakama hubeba chini yake jina la aliyeichapa, na lango la mahabusu halipokei amri isiyo na jina la karani wa masjala. Fundi aliyemtangulia Bi Jaribu aliwahi kumsaidia karani aliyekwama siku kama ya leo. Alichapa kwa akaunti yake mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda zake nyumbani akijiona kafanya la maana. Askari wa lango akasoma jina la chini, akaikunja karatasi, akairudisha. Mahabusu aliyekuwa akiingoja karatasi hiyo alitoka wiki iliyofuata na kukuta baba yake ameshazikwa.

"Yule fundi hakufukuzwa," anasimulia Bi Jaribu. "Aliacha kazi mwenyewe. Mimi nilipoajiriwa nilikuta kiti chake bado kina sweta lake. Nikajiambia, mama wee, humu ndani msaada nao unaweza kumfunga mtu."

Tangu hapo ana sharti moja. Hajaribu kwa ufunguo wake. Anakaa nyuma ya mwenye kazi, mwenye kazi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anabonyeza kwa kidole chake. Ikikubali, imekubali. Ikikataa, afadhali ikatae fundi akiwa amesimama pale.

"Ufunguo wangu unafungua kila kitu," anasema. "Kwa hiyo haunionyeshi chochote. Nikijaribu kwa akaunti yangu, nitawaambia watu mambo safi, na wao wakikaa wanagonga ukuta. Fundi mwongo huzaliwa hivyo."

Kabla ya mahakama, alikuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda cha mjomba wake. Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa na ubishi wake: redio haikabidhiwi mpaka mteja aiwashe mwenyewe na kutafuta stesheni anayoipenda. Wateja walikuwa wakinung'unika. Baadaye mpwa akasomea cheti cha kompyuta, akazunguka na bahasha maofisi mpaka soli zikaisha, na hatimaye akapata kazi hii ya mkataba unaofanywa upya kila mwaka. Kila mwaka ukikaribia kwisha anakosa usingizi.

Nyumbani nako hawapumui. Mumewe, muuza vipuri vya magari, anasimulia huku akicheka: "Mke wangu akifunga mlango usiku, ananiambia mimi nitoke nje nikausukume. Siku moja alisahau kunifungulia."

Lakini leo hakuna anayecheka. Bi Jaribu ameinama kwenye kompyuta ndogo aliyoiweka juu ya kabati la mafaili, anapekua orodha ya ruhusa. Jina la karani mgeni limo. Aliliingiza mwenyewe asubuhi kwenye kundi la masjala. Kwa nini basi mlango umefungwa?

Anasimama wima ghafla.

"Dada, uliingia kwenye kompyuta saa ngapi?"

"Nilipofika tu. Kabla hata hujaja."

"Na hujatoka tangu hapo?"

"Sijatoka. Nilikuwa naandika orodha ya kesi za wiki ijayo."

Bi Jaribu anajipiga kofi la paji la uso. Karani aliingia kabla ya jina lake kuwekwa kwenye kundi, na kompyuta imeendelea kumtambua kama alivyokuwa alipoingia: mgeni asiye na ruhusa. Mpaka atoke na kuingia upya, atabaki mgeni hata jioni.

"Toka, uingie tena."

"Nitapoteza kazi yangu ya asubuhi nzima!"

"Ihifadhi kwanza. Upesi, lakini usikimbie."

"Upesi bila kukimbia ndiyo nini hiyo?" anafoka msajili kutoka mlangoni. "Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mwenye mwana yuko hapo nje!"

"Walisema pia haraka haraka haina baraka, bosi. Waliona mbali, wakatuachia zote mbili."

Karani anahifadhi kazi yake, anatoka, anaingia. Kompyuta inajivuta. Mtu angeweza kuchemsha chai. Jasho jembamba limemtoka karani juu ya mdomo, anakosea neno la siri, anaanza upya. Msajili anatazama saa ya ukutani kama ina deni lake.

Folda inafunguka. Amri iko pale, na jina la kijana linasomeka kabisa.

"Alhamdulillahi! Chapa!" anasema msajili.

"Bado," anasema Bi Jaribu.

"Bado nini tena?"

"Dada, fungua ile folda ya juu. Ile ya hukumu ambazo hazijasomwa."

Karani anabonyeza. Huna ruhusa.

"Imekataa," anasema kwa unyonge.

"Vizuri sana."

Huenda ni mtu pekee katika jengo hili anayefurahi akiambiwa hapana. Kwake, mtihani wa ruhusa una pande mbili: mlango wako ufunguke, na usio wako ukatae. Karani akiweza kusoma hukumu kabla haijasomwa mahakamani, kuna siku atapigiwa simu na mtu mwenye bahasha nene, na atakuwa mwenyewe na majaribu yake. "Namfungia mlango ule kwa kumhurumia," anasema. Msajili anapumua kwa pua kama ng'ombe dume.

"Sasa fungua ukurasa mtupu. Andika chochote. Chapa huo kwanza."

Hapo karani mwenyewe anaishiwa uvumilivu. "Dada, jamani, si ni karatasi tu? Yule mama analia kule! Niitoe amri moja kwa moja, ikitoka imetoka."

"Na isipotoka?"

Hili inabidi lielezwe. Amri ya kuachiliwa huchapwa mara moja. Ikichapwa mara ya kwanza, juu yake hutoka neno ASILI. Ukiirudia, hutoka NAKALA, na lango halipokei nakala. Sababu ipo: watu walishawahi kutoa amri moja na kutaka kuwatoa nayo ndugu wawili. Asili ikipotea, hakimu hana budi kukaa tena mahakamani na kutoa amri nyingine. Hakimu mwenye safari. Jumanne.

Karani anaandika kwa hasira maneno ya kwanza yanayomjia, kisha anachagua printa iliyoandikwa Masjala, anabonyeza.

Kioo kinasema: Imechapwa.

Wote watatu wanaigeukia printa iliyo kwenye kona. Printa imenyamaza. Taa yake ya kijani inawaka kwa utulivu kabisa, haina habari na mtu.

"Labda inapasha moto," anasema karani.

Wanasubiri. Hakuna. Bi Jaribu anafungua trei: karatasi zimejaa. Anagusa waya: umeingia sawasawa. Anaangalia foleni ya uchapaji: tupu. Kwa mujibu wa mtandao, karatasi ile imezaliwa salama na iko mahali fulani duniani.

Karani amebadilika rangi. Amefahamu kwamba, kama angefuata moyo wake, hiyo iliyopotea ingekuwa asili.

"Imeenda wapi?" ananong'ona.

"Sijui," anasema Bi Jaribu. Jengo lina printa za kila namna, orofa mbili, na vyumba vingine vimefungwa kwa kufuli wenyewe wakiwa wameshaondoka. Saa kumi imepita. Msajili ameketi kwenye sanduku la mafaili, ameshika kichwa. Hafoki tena, na hilo linatisha zaidi.

Ndipo mlango unasukumwa taratibu. Ni mama wa kijana. Ameshika karatasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

"Samahanini, wanangu. Kile kimashine cha kule ukumbini, karibu na benchi, kimetoa hii. Nimeona hakuna anayeichukua." Anaisogeza karibu na macho, anasoma polepole: "Jaribio. Mimi sijala tangu asubuhi na nina njaa."

Karani anataka ardhi ipasuke aingie.

"Sasa nikasema, kuna mtu humu ndani ana njaa," anaendelea mama bila mzaha wowote, mkono ukiingia kwenye mkoba. "Nilikuwa na ndizi za mwanangu. Moja haitampunguza kitu."

Bi Jaribu hacheki. Ameshatoka mbio kuelekea ukumbini.

Kisa ni rangi. Wiki iliyopita, karani wa zamani akiwa ameshaondoka, masjala ilipakwa rangi, na wapagazi walizitoa printa nje. Mbili kati ya hizo zinafanana kama mapacha: ya masjala, na ile ya ukumbini inayochapa orodha ya kesi za siku. Wakati wa kurudisha, kila mpagazi alibeba iliyokuwa karibu yake. Nani angewalaumu? Machoni mwao ni masanduku tu. Lakini jina la printa kwenye mtandao hufuata mashine, halifuati chumba, na hivyo Masjala ikahamia ukumbini, pale wanapokaa washitaki, washitakiwa, mashahidi na kila mwenye jicho.

"Unaona?" anamwambia mwandishi huku akibonyeza vitufe vya printa ya ukumbini kutafuta namba yake ya mtandao. "Mimi nilimjaribu karani aliyeondoka, ikakubali. Baada ya rangi sikurudi kujaribu. Nilidhani rangi ni ukuta tu. Hili ni langu, na leo lingemfunga mtu."

Anarudi mezani, anabadilisha majina kwenye seva, anavuta pumzi.

"Dada. Jaribu tena."

Karani, shavu moja limejaa ndizi, anaandika, anabonyeza. Printa ya kwenye kona inakohoa. Karatasi inatoka, ya moto, imeandikwa: Jaribio la pili. Nimepata ndizi. Msajili anaikunja na kuitia mfukoni, sijui kwa nini.

"Sasa amri," anasema Bi Jaribu.

Inatoka. ASILI, juu. Chini, kwa herufi ndogo, jina la karani mgeni. Fundi hajaigusa. Karani anaichukua mwenyewe, anakwenda nayo kwa hakimu karibu kukimbia, anarudi na sahihi, anagonga mhuri mara moja kwa nguvu mpaka meza inaruka. Tarishi wa mahakama anaitia kwenye mkoba wa ngozi, anawasha pikipiki.

Mama amesimama ukumbini hajui amfuate nani. Haruhusiwi kupanda pikipiki ya ofisi. Ni msajili anayemshika mkono.

"Twende, mama. Gari yangu inapita huko."

Haipiti huko. Kila mtu hapa anajua anakokaa msajili, ni upande mwingine kabisa wa mji.

Wanaobaki masjala ni wawili, na simu ya mezani. Bi Jaribu anazikunja nyaya zake, anazikunjua, anazikunja tena. Saa kumi na moja inakaribia, inafika, simu kimya. Karani amepiga moyo konde lakini macho yamemjaa maji.

Simu inalia. Karani anaruka nusu ya kiti.

Ni askari wa lango. Sauti yake inasikika hadi kabatini. Karatasi imefika kwa wakati, lakini jina hili la chini halijui. Karani anayemjua yeye ni mwingine. Nani ametoa hii?

Karani anamtazama fundi. Fundi anamwashiria kwa kidevu: sema wewe.

"Ni mimi," anasema karani, na anasimama, ingawa aliye upande wa pili hamwoni. "Nimeripoti leo. Nimeingia kwa jina langu, nimefungua mwenyewe, nimechapa mwenyewe, na mhuri nimegonga mwenyewe. Uliza chochote kilichomo nikujibu."

Askari anauliza namba ya kesi. Karani anaijibu kwa kichwa. Kisha mlio wa simu kukatwa.

"Amekubali au amekataa?" anauliza karani. Inaonekana jinsi Bi Jaribu anavyoteseka kwa kutokuwa na kitu cha kujaribu.

Zinapita dakika ambazo mwandishi hakuzihesabu. Simu ya mkononi ya fundi inaita. Ni namba ya msajili. Anaiweka sauti ya juu. Kwanza ni upepo, kisha mama analia na kucheka kwa pamoja, asieleweke. Kisha ni sauti ya kijana, imekwaruza, inakohoa kabla ya kusema.

"Dada, shikamoo. Mama anasema wewe ndiye umenitoa."

"Marahaba, mdogo wangu. Hapana, aliyekutoa ni hakimu. Mimi nilikuwa najaribu printa."

"Basi ahsante kwa printa," anasema kijana, na wote wanaangua kicheko ambacho karani anakimalizia kwa kulia kabisa, kichwa mezani.

Bi Jaribu anafunga dirisha la masjala. Jumanne, anasema, atampelekea msajili ombi: asiwepo mtumishi anayepewa meza kabla ya kujaribiwa milango yake yote, na mashine ikihamishwa hata kwa ajili ya rangi, kila mtu ajaribiwe upya. Mkataba wake unakaribia kwisha, na hajui kama atakuwepo kulisimamia. Anaomba awepo.

Kuna na jingine, analisema kwa aibu kidogo. Miaka yote hii hajawahi kufika pale langoni. Ijumaa ndiyo siku ya amri nyingi, na Ijumaa hawezi kutoka.

"Nikipata likizo, siendi popote," anasema. "Nitakwenda nikae nje ya lile lango tangu mchana. Karatasi zikitoka naziona kila siku. Nataka nimwone mtu akitoka."